Dondoo Muhimu: Farasi Ndani ya Chumba cha Oksijeni

Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini huufanya moto uwake kwa kasi ya kutisha. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 21 ya gesi hiyo; ndani ya chumba cha kutibia farasi kwa oksijeni huzidi sana, tena kwa shinikizo kubwa. Februari 2012, karibu na Ocala, Florida, Marekani, farasi mwenye viatu vya chuma alirusha mateke ndani ya chumba kama hicho, cheche zikaruka, chumba kikalipuka. Farasi alikufa, na mfanyakazi mmoja pia. Ili kuepuka ajali kama hiyo, zingatia haya kila farasi anapotibiwa:

• Kwato: Mvue viatu vyote vya chuma kabla hajaingia.

• Mwili: Msafishe vizuri. Mafuta, marhamu na dawa za kupulizia hushika moto upesi.

• Vifaa: Ondoa hatamu zenye chuma, simu na kitu chochote chenye betri.

• Vitambaa: Epuka nailoni na sufu, maana huzalisha umemetuli. Tumia pamba.

• Kuta na sakafu: Kagua kinga ya mpira kila mara. Ikichanika na chuma kuonekana, ahirisha tiba.

• Utulivu: Farasi mwenye wasiwasi aonwe kwanza na daktari wa mifugo. Akianza kurusha mateke, funga oksijeni mara moja na ushushe shinikizo kwa utaratibu uliowekwa.

• Watu: Mwendeshaji awe amefunzwa na asibanduke. Wasiohusika wakae mbali.

Ukiwa na shaka hata kidogo, usifunge mlango. Tiba inaweza kusubiri kesho. Uhai ukipotea haurudi.