Pikapu Yako Itabeba Chumba cha Kulala? Vidokezo Kabla Hujafunga Bolti ya Kwanza

Pita kambi yoyote ya Serengeti msimu wa likizo, utakuta pikapu zilizogeuzwa nyumba: hema juu, friji na jiko nyuma, watoto wamelala salama huku fisi wakilia mbali. Ni raha ya aina yake, na wengi wenye Hilux ya dabo kabini wanaitamani. Je, pikapu ndogo kama hiyo inaweza kubeba kempa, yaani chumba cha kulala kinachofungwa nyuma, bila hatari? Inaweza, ila kwa masharti, na masharti yenyewe ni ya kilo.

1. Usiiulize injini. Injini ya dizeli ya lita 2.8 itapanda mlima na karibu chochote utakachoipakia, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mzigo unabebwa na ekseli ya nyuma, springi, chasisi na matairi, kisha unasimamishwa na breki. Hivyo vyote vinaweza kuzidiwa huku injini ikiendelea kuunguruma kwa raha zake.

2. Soma kibati cha gari. Tafuta kile kinachoonyesha uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, gari pamoja na kila kilichomo. Toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho kipimo chako. Kwa Hilux nyingi za dabo kabini, jibu huangukia kati ya kilo 800 na 1,000, kutegemea mwaka na toleo. Ndugu zetu walioko Marekani wamerahisishiwa: kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna stika inayotaja uzito wa watu na mizigo kwa pamoja. Waisome kabla ya kununua kempa, kwa sababu uzito unaotangazwa na muuzaji mara nyingi ni wa kempa isiyo na maji, gesi wala shuka. Kempa nyingi zenye kuta ngumu huvuka tani moja zikishajazwa, na hapo hata pikapu pana kama F-150 inaweza kuwa imezidiwa.

3. Piga hesabu kwa karatasi, na uhesabu watu. Tuchukue safari ya kawaida. Watu wazima wanne wa kilo 75, tayari 300. Hema la juu, 65. Kibanda cha chuma cha kufunika bodi, 90. Bampa la chuma na winchi yake, 90. Maji lita 80 ni kilo 80, maji hayana punguzo. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20, kama kilo 40. Friji na vilivyomo, 45. Betri ya pili, 30. Tairi la pili la akiba, 35. Jeki, spana, koleo na kamba, 30. Mtungi wa gesi, jiko na masufuria, 30. Nguo, chakula na matandiko, 80. Jumla ni kilo 915! Na hapo hakuna anasa yoyote, wala hakuna kempa yenye kuta na kitanda. Ukiona jumla yako imefika ukingoni, anza kukata vya chuma kabla ya kukata maji. Hilo bampa la kilo 90, kwa safari ya familia inayopita barabara zinazojulikana, mimi ningeliacha nyumbani.

4. Angalia kilo zinakaa wapi. Hapa ndipo pikapu nyingi zinapoumia, hata zile ambazo uzito wake wa jumla uko sawa. Bodi ya dabo kabini ina urefu wa kama mita moja na nusu, na sehemu kubwa yake iko nyuma ya ekseli. Mzigo unaokaa huko haugandamizi nyuma tu, unainua na pua ya gari, kama mzegazega wenye ndoo upande mmoja. Matairi ya mbele yakipungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi na gari linachelewa kutii kwenye kona. Barabara ikiwa ya mashimo, chasisi inachapwa kila gari linaporuka, na Australia, ambako kempa za pikapu ni jambo la kila siku, zimekuwepo dabo kabini ambazo chasisi zake zilipinda nyuma ya kabini. Kwa hiyo tangi la maji na betri vibane kabisa kwenye ukuta wa kabini, chini. Fundi akikushauri kuweka maputo ya upepo kwenye springi, kumbuka kwamba maputo yanainua mkia lakini hayaongezi hata kilo moja kwenye kibati, na yanasukuma chasisi sehemu moja badala ya mbili. Na kama bado hujanunua gari, pikapu ya kabini moja ni bora zaidi kwa kazi hii: bodi yake ni ndefu, na kempa inakaa mbele zaidi ya ekseli.

5. Paa si ghala. Kiwango cha paa gari likitembea ni kidogo sana kuliko gari likiwa limesimama, ndiyo maana watu wawili wanaweza kulala juu usiku lakini dumu la maji halipaswi kusafiri hapo mchana. Bora zaidi, funga hema kwenye fremu juu ya bodi, chini ya usawa wa paa.

6. Soma tairi. Namba inayofuata saizi, kwa mfano 112, ina maana kila tairi linabeba hadi kilo 1,120, likiwa na upepo sahihi. Upepo ukiwa pungufu na mzigo umejaa, tairi linachemka na kupasuka. Ukipunguza upepo ili uvuke mchanga wa jangwa la Chalbi, ujaze tena kabla ya kurudi lami.

7. Nenda mizani. Karatasi husahau vitu. Wauza kokoto na wanunuzi wa vyuma chakavu wengi wana mizani ya malori. Omba upimiwe, gari likiwa na mafuta, maji na watu wote. Pima gari zima, kisha magurudumu ya nyuma peke yake, ulinganishe na kiwango cha ekseli.

8. Teremka kwa gia. Mlima Kitonga, ukitokea Iringa, hausamehe breki zilizochemka. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, acha nafasi mara mbili ya ile uliyoizoea, na usione haya kupitwa na mabasi.

9. Hesabu zikikataa, badilisha safari. Acha kempa ya kuta, chukua hema la juu peke yake. Au hema la chini, ambalo halizidi kilo chache. Au kodi. Arusha na Nairobi kuna kampuni zinazokodisha Land Cruiser zenye hema juu. Hata hapo, kabla ya kulipa, omba uonyeshwe kibati na uulize gari lilipimwa lini likiwa limepakiwa.