Bufe ya hoteli: nirudi mara ngapi?

SWALI: Mama, nimealikwa chakula cha mchana kwenye hoteli kubwa kando ya ziwa, hapa Nyalukemba. Kutakuwa na bufe. Nikirudi kujipakulia mara tatu, si aibu? – Msomaji, Bukavu

JIBU: Rudi, mwanangu. Kwenye bufe hulipwa kichwa, si sahani. Aibu ni kulundika fufu, frite na keki mahali pamoja kama mzigo wa kwenda Goma, kisha kuacha nusu.

Kwanza zunguka meza yote bila sahani. Kuku na wali utavila hata nyumbani. Mimi ningetafuta sombe na sambaza. Hao samaki wadogo hawakuwa wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Bukavu bila sambaza haifikiriki. Ila sambaza wa kukaanga wakikaa chini ya mfuniko hulegea. Subiri wapya watoke jikoni.

Chunguza pia moto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, na chakula kisizidi saa mbili mezani bila moto wala barafu. Mchuzi usiotoa mvuke, au saladi ya mayonezi iliyopata jua la baraza, pita tu, hata ikipambwa vipi.

Kila ukirudi chukua sahani safi. Ile ya zamani mhudumu ataiondoa. Na uliza mapema kuhusu vinywaji: mara nyingi hulipwa kando.