Kiingereza cha Darasani na Kiingereza cha Ufukweni: Nafasi ya Sarufi ya Kiswahili katika Kujifunza Kiingereza Matemwe, Unguja

1.0 Utangulizi

Matemwe ni kijiji cha pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja, kinachotazamana na kisiwa kidogo cha Mnemba. Uvuvi na kilimo ndizo shughuli za asili za wakazi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kilianza kufanywa kibiashara Zanzibar, na katika kipindi hichohicho hoteli za kitalii zikaanza kuongezeka katika fukwe za mashariki ya kisiwa. Tangu hapo mtoto wa Matemwe amekuwa akikutana na Kiingereza kupitia milango miwili, darasa na ufukwe. Darasani hupewa kanuni bila mazungumzo; ufukweni hupata mazungumzo bila kanuni. Anayemaliza shule aweza kuzitaja njeo za Kiingereza kwa majina yake yote, na bado akashindwa kumweleza mgeni kwamba mashua imechelewa kwa sababu maji yamekupwa. Aliyeshinda ufukweni hulieleza jambo hilo bila taabu, lakini akipewa fomu ya kuombea kazi hukwama katika mstari wa pili.

Athari za hali hii hazibaki shuleni. Lalamiko la siku nyingi katika vijiji vya ukanda huu ni kwamba kazi za hoteli zinazohitaji kuandika, kama vile mapokezi na hesabu, huwaendea watu waliotoka nje ya kijiji, na wenyeji hubaki na kazi zisizohitaji karatasi. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya makosa ya sarufi ambayo walimu huyaita uzembe hutokana na mwanafunzi kuitumia kwa uaminifu sarufi anayoijua, yaani ya Kiswahili. Ikiwa ndivyo, Kiswahili kinapaswa kuletwa darasani kama chombo cha kulinganishia, badala ya kufukuzwa. Mifano itakayotolewa ni ya aina inayofahamika kwa kila mwalimu wa Kiingereza katika Visiwa.

2.0 Hali ya lugha

Mwanafunzi wa Matemwe haanzi Kiingereza akiwa na lugha moja tu kichwani. Usemi wa nyumbani kwake una sura zake zinazoutofautisha na Kiunguja cha Mjini, na Kiunguja hicho ndicho kilichoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi iliyosimamiwa baadaye na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Hivyo, anapoingia darasa la kwanza, mtoto hujifunza usemi wa pili na huzoea upesi kubadilisha maneno na viambishi kulingana na anayezungumza naye. Ujuzi huo wa kulinganisha mifumo miwili ni mtaji ambao somo la Kiingereza halijapata kuutumia ipasavyo.

Kuhusu lugha ya kufundishia, historia inajulikana na haina haja ya kurefushwa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari za Tanzania Bara. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kusoma masomo mengine kwa lugha hiyo. Kwa upande wa Zanzibar, Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Uamuzi wa namna hiyo unamtaka mtoto aijue lugha kabla ya kufundishwa vya kutosha, na kosa la kitenzi linaweza kugeuka kuwa kosa la sayansi.

Ufukweni mambo ni mengine kabisa. Huko hakuna anayesahihisha. Vijana wa Kiwengwa, kusini mwa Matemwe, wamejifunza hata Kitaliano kwa njia hiyo, bila kitabu, na wapo wanaokizungumza kwa wepesi wa kushangaza. Hata hivyo, lugha ya biashara hujitosheleza mapema: msemaji akishaeleweka bei na safari, hakuna kinachomsukuma kusonga mbele.

3.0 Viambishi -me-, -na- na hu-

Eneo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni njeo na hali za kitenzi. Zichukuliwe sentensi hizi za wanafunzi:

(1) "The teacher has stood at the door."
(2) "When I arrived, the child had slept."
(3) "I have tired."

Mwalimu huziwekea alama nyekundu na kuandika kwamba njeo si sahihi. Lakini mwanafunzi amefanya kile alichofundishwa. Ameambiwa kwamba -me- ni hali timilifu, na kwamba hali timilifu ya Kiingereza huundwa kwa "have". Sentensi "Mwalimu amesimama mlangoni" ina -me-. Basi ameandika (1). Kasoro imo katika maelezo aliyopewa.

Kiambishi -me- kina kazi mbili. Kwa vitenzi kama pika, andika na nunua, huonyesha tendo lililokamilika: amepika wali, ameandika barua. Hapo "have" hufaa. Kwa vitenzi vinavyotaja kuingia katika hali fulani, kama lala, simama, kaa, vaa, choka, shiba na kasirika, -me- huonyesha hali aliyomo mtu baada ya kuingia. Amelala ni mtu aliyemo usingizini, na amechoka ni mtu mwenye uchovu sasa hivi. Kiingereza hakina umbo moja la kubeba maana hii. Wakati mwingine hutumia kivumishi, kama katika "asleep", "tired", "angry" na "dead". Wakati mwingine hutumia hali ya kuendelea, kama katika "is standing", "is sitting" na "is wearing". Kwa hiyo (1) inapaswa kuwa "is standing", (2) "was asleep", na (3) "am tired". Mwanafunzi anahitaji swali moja tu la kujiuliza kabla ya kuandika: je, -me- hii inataja kazi iliyokwisha, au hali aliyomo mtu?

Yafaa ikumbukwe kwamba Mwingereza anayejifunza Kiswahili alikwisha kufanyiwa hisani hii zamani. Edward Steere alichapisha mwaka 1870 kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja, na E. O. Ashton akafuata mwaka 1944 na sarufi iliyoeleza viambishi vya kitenzi kwa kuvilinganisha na Kiingereza hatua kwa hatua. Mtoto wa Matemwe, anayesafiri njia hiyohiyo kwa upande wa pili, mara nyingi hukabidhiwa kitabu ambacho mwandishi wake hakuwa na Kiswahili akilini hata kidogo.

Kiambishi -na- huzaa kosa la upande mwingine. "Anapika" huweza kuwa tendo linaloendelea sasa au jambo la kawaida, na "anajua" hufuata umbo hilohilo. Mwanafunzi akishafundishwa kwamba -na- ni "is ...-ing", huandika "I am knowing" na "She is wanting". Hapa hu- inaweza kusaidia. Sentensi "Wavuvi huondoka alfajiri" inalingana vizuri na "Fishermen leave at dawn", na mwanafunzi wa pwani huitumia hu- kila siku bila kufikiri. Akielekezwa kwamba penye hu- Kiingereza hutumia kitenzi kisicho na "-ing", tayari amepata nusu ya kanuni. Nusu ya pili, yaani vitenzi vya kujua, kupenda na kutaka, haina njia ya mkato, lazima ikaririwe.

Hu- ina mtego wake pia. Haibebi nafsi wala idadi: mimi huenda, yeye huenda, wao huenda. Si ajabu basi kuona "My mother go". Kosa la pili, "The boats comes", linaeleweka likitazamwa kwa jicho la upatanisho. Katika Kiswahili nomino na kitenzi huonyesha wingi kwa pamoja. Mwanafunzi aliyeiona "-s" ya wingi katika nomino huona ni haki iwepo na katika kitenzi. Ni lazima aambiwe waziwazi kwamba "-s" mbili hizi hazina udugu wowote.

Ieleweke kwamba madai haya yana mpaka. Tangu S. P. Corder alipoandika mwaka 1967 kuhusu umuhimu wa makosa ya wanafunzi, na hasa baada ya kazi za Dulay na Burt katika miaka ya 1970, imedhihirika kwamba makosa mengine hufanywa na wanafunzi wa lugha zote. Kuiacha "-s" ya nafsi ya tatu ni mojawapo. Lakini (1) na (2) haziwezi kuelezwa hivyo kwa urahisi. Zina alama ya Kiswahili usoni.

4.0 Makosa mengine kwa ufupi

Sentensi "The book which I bought it is lost" inatokana na "kitabu nilichokinunua", ambamo kiambishi -ki- cha yambwa kina nafasi yake halali. Kuchanganya "he" na "she" kunatokana na a- na yeye, ambavyo havibagui jinsia. Katika swali la kukanusha, kama "Hukuja jana?", Mswahili aliyekosa kuja hujibu "Ndiyo", akikubaliana na kauli, Mwingereza husema "No", akikubaliana na ukweli wa tendo. Mgeni aliyeuliza "Isn't the boat coming?" akajibiwa "Yes" hungoja mashua isiyokuja.

Vibainishi "a" na "the" huhesabiwa kuwa jambo lisilo na mfano wowote katika Kiswahili. Hilo si kweli kabisa. "Nimeona kitabu" na "Nimekiona kitabu" hazilingani: ya pili inataja kitabu ambacho msikilizaji anakijua. Mlango huu ni mwembamba, maana kwa viumbe wenye uhai kiambishi cha yambwa hutumika kwa mazoea, lakini unatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba dhana yenyewe anayo.

5.0 Msamiati

Kuhusu msamiati, tatizo ni mahali pa kuanzia. Mwanafunzi hupewa orodha za maneno ya reli, theluji na bustani za wanyama, huku maneno ya bahari aliyokulia yakikosekana. Matokeo yake ni kwamba hujifunza neno na kitu kwa wakati mmoja, mzigo maradufu.

Bamvua na maji mafu ni mfano mzuri. Somo la jiografia hulitaja la kwanza kuwa "spring tide" na la pili kuwa "neap tide". Mtoto wa Matemwe analijua jambo lenyewe: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hujaa sana na kukupwa mbali, na ndipo wanawake huenda kwenye mwani na wengine kutafuta pweza. Akifungua kamusi na kukuta kwamba "spring" ni chemchemi au majira ya kuchipua, hupotea. Akiambiwa kwamba hapa neno linabeba maana ya kuruka na kufurika, hushika mara moja. Vivyo hivyo kwa "monsoon", jina la pepo za kusi na kaskazi: neno hilo na msimu la Kiswahili yote yana asili katika neno moja la Kiarabu.

Maneno mengine yanaonekana rahisi kumbe yana mtego. Saa mbili asubuhi ikitafsiriwa neno kwa neno kuwa "two o'clock", mtembezaji na mgeni watapishana kwa saa sita. Hoteli nayo, kwa Waswahili wengi, ni pamoja na mahali pa kula chakula cha mchana na kuondoka.

Yote yaliyojadiliwa yanaweza kukusanywa katika kipindi kimoja kwa kifungu kifupi kama hiki:

(4) Mama amevaa kanga. Amesimama majini. Anafunga mwani kwenye kamba. Kila bamvua huenda huko na wenzake.

Wanafunzi huanza kwa kujadili, kwa Kiswahili, ni -me- ipi ya hali na ipi ya kazi iliyokwisha, kisha huandika:

(5) "My mother is wearing a kanga. She is standing in the water. She is tying seaweed to a rope. At every spring tide she goes there with her companions."

Sentensi tatu za kwanza zina "-ing" ingawa Kiswahili kina viambishi viwili tofauti. Ya nne haina, kwa sababu ya hu-, na "-s" ya "goes" imejitokeza mahali ambapo Kiswahili hakiweki alama ya nafsi. Mwalimu aliyekulia Mjini huenda akahitaji kuwauliza wanafunzi wake tofauti ya bamvua na maji mafu kabla ya kuiandika sentensi hiyo ubaoni.