Pacha wa Kidijitali Kiwandani: Mlaji Ajue Nini?

Mlaji anunuapo pakiti ya maziwa, hana namna ya kuuona mtambo ulioyapasha joto. Humbidi kuamini. Siku hizi baadhi ya viwanda hujinadi kwamba mitambo yao ina "pacha wa kidijitali", nasi tumeona vyema kueleza uzito wa maneno hayo.

Pacha huyo ni mfano wa mtambo ndani ya kompyuta, unaopokea wakati wote taarifa za vihisi vilivyofungwa kwenye mtambo wenyewe: joto, shinikizo, kasi ya mtiririko. Katika mtambo wa kuua vijidudu, maziwa hupita kati ya mabamba membamba ya chuma, yakafikia nyuzi joto 72 za Selsiasi kwa sekunde zisizopungua 15. Kadiri saa zinavyopita, protini na madini ya maziwa hugandamana juu ya mabamba, kama ukoko kwenye sufuria ya wali, na joto hupenya kwa shida. Pacha hukokotoa joto ambalo lingepita endapo mabamba yangekuwa safi, kisha hulilinganisha na hali halisi. Tofauti ikikua, fundi hujua kuwa wakati wa kuosha umefika, hata kama ratiba haijafika. Huo ni msaada wa kweli.

Hata hivyo, pacha huona kwa macho ya vihisi tu. Kipimajoto kikisoma 72 ilhali maziwa yana nyuzi 69, pacha naye ataamini 72. Ndiyo maana hatulegezi masharti ya ugezi, yaani kuhakiki kipimajoto kwa kipimo sanifu. Wala ya vali inayoyarudisha nyuma maziwa yasiyofikia joto. Wala ya upimaji wa kimeng'enya cha fosfatasi, ambacho kikikutwa kingali hai ni dalili kwamba joto halikutosha.

Kwa hiyo, maneno "pacha wa kidijitali" kwenye pakiti si alama ya ubora. Tafuta alama yenyewe, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na utazame kama pakiti ilihifadhiwa kwenye ubaridi. Pacha wa mtambo hajui lolote kuhusu jokofu la dukani. Maziwa yakiharibika kabla ya tarehe hiyo, usiitupe pakiti. Kwa namba ya toleo iliyopigwa juu yake, mkaguzi anaweza kudai kumbukumbu za mtambo za siku yaliposindikwa, na hapo taarifa za pacha zitakufaa wewe pia. Bila namba hiyo, hatuna pa kuanzia.