Mwanafunzi Anapopigwa kwa Sababu ya Uvumi

Somo letu la leo lahusu jambo ambalo wazazi hulizungumza kwa kunong'ona: mwanafunzi anayeandamwa shuleni kwa kuwa wenzake wamemdhania kuwa anapenda watu wa jinsia yake.

Tuseme ni kijana wa miaka 14 anayeishi Gasenyi, hapa Bujumbura. Jamaa zake walivuka kutoka Kivu Kusini mwezi Februari 2025, pamoja na maelfu waliokimbia vita. Darasani alichekwa kwanza kwa Kirundi chake. Kisha mmoja akasema anatembea kama msichana, na tangu siku hiyo Kirundi chake kikasahauliwa. Humvizia nyuma ya vyoo. Njiani humpokonya nauli. Mtoto kama huyu amebeba mizigo miwili, ugeni na uvumi. Wenyeji humwona mgeni, na wageni wenzake huona haya kusimama karibu naye.

Sheria yasemaje? Tutaieleza bila kuipunguza wala kuikuza. Kanuni ya adhabu ya Burundi iliyotiwa saini tarehe 22 Aprili 2009, katika kifungu cha 567, iliweka kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, na faini ya faranga 50,000 hadi 100,000, au mojawapo ya adhabu hizo, kwa mtu afanyaye mapenzi na mwenziwe wa jinsia moja. Kanuni mpya ya Desemba 2017 haikuliondoa kosa hilo. Mwezi Juni 2011 Wizara ya Elimu nayo ilitoa agizo lililohesabu mapenzi ya jinsia moja miongoni mwa makosa ya kumfukuzisha mwanafunzi shule. Ng'ambo, nchini Kongo, hakuna kifungu kama hicho. Basi mtoto avukaye mpaka pale Gatumba huingia chini ya sheria nyingine, na mara nyingi hapana aliyemweleza.

Lakini kisomwe tena kifungu hicho. Kinaadhibu tendo. Hakitaji mwendo, sauti, mavazi wala uvumi wa darasani. Wala hakimpi mwanafunzi, mwalimu au mpita njia ruhusa ya kuinua mkono. Kumpiga mtu ni kosa la jinai, awaye yote aliyepigwa. Kumdai mtu fedha kwa kumtishia ni kosa jingine. Maneno yaliyotamkwa hadharani mwishoni mwa mwaka 2023, kwamba watu wa namna hii wapigwe mawe, si sheria, na atakayeyatekeleza atajibu kwa jinai. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu chake cha 19 chataka mtoto alindwe na kila aina ya ukatili, na hakuna mtoto aliyetengwa humo.

Tukiri jambo gumu. Mtoto aliyepigwa akienda kwa mkurugenzi wa shule huulizwa kwa nini amepigwa, na jibu lake laweza kumtoa yeye shuleni, mpigaji akabaki. Mnyang'anyi analijua hilo vyema. Leo hudai nauli, kesho simu ya mama, na kila anapopewa huongeza bei. Hofu hiyo hufika hadi mlangoni mwa kituo chetu, nasi hatuwezi kumlaumu anayekuja nayo.

Kwa hiyo twamshauri mzazi hivi. Mtoto apelekwe hospitali kwanza, na karatasi ya daktari itunzwe. Siku, saa, mahali na majina yaandikwe usiku uleule, kabla ya maswali mengine yoyote ya nyumbani. Ujumbe wa vitisho ulio katika simu usifutwe, wala usijibiwe. Na fedha zisilipwe. Kituoni, shauri ni la kipigo: nani, lini, wapi, mbele ya nani. Mtoto halazimiki kueleza siri ya moyo wake ili jeraha lake liandikwe, na mzazi ana haki ya kukumbusha hivyo kwa heshima.

Wazee wetu, wakiwemo bashingantahe, tunawaheshimu. Hata hivyo, shauri la mtoto aliyevunjwa jino halimalizwi kwa kreti ya bia, kisha yeye aambiwe abadili mwendo wake.

Shule nazo zina kazi isiyohitaji fedha. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alionewa na wenzake katika muda wa mwezi mmoja, na wanaoonekana kwenda kinyume cha desturi za kike au za kiume wamo katika hatari zaidi. Mkubwa mmoja asimame karibu na vyoo wakati wa mapumziko, na mwingine langoni wanapotoka. Kijana wetu wa Gasenyi atembee na mwenzake hadi kwenye kituo cha basi. Na mkurugenzi akishapata majina, amwite kwanza yule aliyevizia nyuma ya vyoo.