Kazi ya Kwanza: Usijikate Jina Mwenyewe

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilitangaza nafasi 1,596. Maombi yaliyopokelewa yalikuwa 135,027. Gawanya mwenyewe: kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 84. Na hali hii haikuanza jana. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ililazimika kufanyia usaili kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa sababu nafasi zilikuwa 70 na walioitwa walizidi 10,000.

Hesabu hizo wewe mhitimu huwezi kuzibadilisha. Yapo mengine yaliyo mikononi mwako, na hayo ndiyo nitakayoyadai kwako hapa bila kukubembeleza. Kila msimu wa ajira wapo vijana wenye akili na sifa kamili wanaotupwa nje kabla hata hawajaulizwa swali: barua haina saini, cheti kilichopakiwa si chenyewe, jina la kwenye kitambulisho halifanani na la kwenye shahada. Hao hawakushindwa na mtu. Walijikata jina wenyewe. Wewe ukikatwa, ukatwe na ushindani, si na uzembe wako.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kamilisha nyaraka zako kabla tangazo halijatoka.

Tangazo la kazi za serikali mara nyingi hukaa wazi wiki mbili tu. Ukianza kukimbizana na RITA kwa cheti cha kuzaliwa siku tangazo linapotoka, umeshachelewa. Uwe na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha chuo, kitambulisho au namba ya NIDA, na nakala zilizogongwa muhuri na wakili. Fahamu kwamba Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma haipokei hati za matokeo ya muda wala zile karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, inataka vyeti. Kama umesoma nje ya nchi, vyeti vyako vinapaswa kuthibitishwa na TCU, NACTVET au NECTA, kulingana na ngazi ya elimu. Shughulikia hilo sasa.

Kisha kaa mezani, tandaza nyaraka zote mbele yako, usome jina lako kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Saidi kwenye cheti cha kidato cha nne na Said kwenye NIDA ni majina mawili. Jina la katikati lililofupishwa kuwa herufi moja chuoni na kuandikwa kamili kwenye cheti cha kuzaliwa nalo ni kasoro. Dawa yake ni kiapo au hati ya jina iliyothibitishwa kwa wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kazi hiyo inachukua muda na fedha, na hakuna msaili atakayekungoja uikamilishe mlangoni.

2. Soma tangazo lote mpaka mstari wa mwisho.

Usisome cheo na mshahara halafu ukarukia kubofya. Tazama sifa zinazotakiwa, umri, tarehe ya mwisho, barua inaelekezwa kwa nani, na maombi yanapitia wapi. Kazi za serikali zinazosimamiwa na Sekretarieti huombwa kupitia Ajira Portal. Ukipeleka bahasha ya kaki kwa mkono, hujaomba kazi. Barua isainiwe. Wadhamini watatu waandikwe pamoja na simu zinazopatikana, na wawe wameshaombwa ridhaa. Mhadhiri anayepigiwa simu ghafla na kusema hakukumbuki amekuharibia, lakini mwenye kosa ni wewe.

3. Andika wasifu unaosema ulichofanya.

Kwa mhitimu mpya kurasa mbili zinatosha. Ondoa mapambo, ondoa orodha ya vipaji visivyo na ushahidi. Wengi huandika kuhusu mafunzo kwa vitendo hivi: "Nilijifunza mambo mengi na kushirikiana vizuri na wenzangu." Sentensi hiyo haimwambii mwajiri chochote. Andika hivi: "Kwa wiki nane katika idara ya fedha ya halmashauri, nililinganisha taarifa za benki na daftari la fedha kila Ijumaa, na kuandaa hati za malipo kwa ajili ya saini ya mhasibu." Hapo mwajiri amekuona ukiwa mezani unafanya kazi, na kwenye usaili atakuwa na la kukuuliza ambalo unalijua.

4. Ijue bodi ya taaluma yako.

Shahada peke yake haifungui kila mlango. Mhandisi husajiliwa na ERB, na bodi hiyo ina mpango wa SEAP unaomweka mhitimu chini ya wahandisi wazoefu mpaka afikie usajili kamili. Mhasibu ana mitihani ya NBAA, mtu wa ununuzi na ugavi ana PSPTB, mwanasheria anayetaka uwakili anapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Kwa kada zinazodai usajili au leseni, siku ya usaili utatakiwa kuja na cheti cha usajili au leseni hiyo. Anza safari hiyo mwaka huu huu uliohitimu, wakati masomo bado yako kichwani.

5. Tafuta uzoefu, na uwekee mpaka.

TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, husajili watafuta kazi na huwaunganisha wahitimu na taasisi kwa mafunzo ya uzoefu kazini. Jisajili. Ukijitolea mahali, jitolee kwa makubaliano ya maandishi: kwa muda gani, chini ya nani, utajifunza nini, na utapewa barua gani ukimaliza. Kujitolea kwa miezi sita ukiwa unajifunza ni uwekezaji. Kujitolea mwaka wa tatu, bila nauli, ukifanya kazi yote ya mwajiriwa ambaye hawataki kumlipa, ni kunyonywa, na unapaswa kuondoka.

6. Jiandae na usaili kama ulivyojiandaa na mtihani wa mwisho.

Usaili wa serikali huanza na mchujo wa kuandika, hufuata wa vitendo kwa baadhi ya kada, kisha mahojiano. Ingia kwenye akaunti yako mapema na unakili namba yako ya usaili. Usitegemee kuitafuta getini simu ikiwa haina chaji. Njoo na vyeti halisi na kitambulisho. Msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi, kwa hiyo kama usaili uko Dodoma nawe uko Kigoma, anza kuweka akiba siku unapotuma maombi, na ufike siku moja kabla.

Kwenye mahojiano, swali la kwanza huwa ni ujieleze. Wasaili wana vyeti vyako mezani, kwa hiyo usianze kuwasimulia shule ya msingi uliyosoma. Sema umesomea nini, umewahi kufanya kazi gani kwa mikono yako, na kwa nini umeiomba nafasi hii na si nyingine. Isome taasisi kabla ya kwenda: sheria iliyoianzisha, majukumu yake, iko chini ya wizara ipi. Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui. Kubahatisha mbele ya watu waliofanya kazi hiyo miaka ishirini hakumdanganyi yeyote kati yao.

7. Waambie watu kwamba unatafuta kazi.

Mpigie mwalimu wako, waliokutangulia chuoni, msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo, watu wa msikitini au kanisani. Waulize nafasi zinatangazwa wapi na kazi yenyewe ikoje. Kuomba taarifa si aibu wala si upendeleo. Upendeleo ni kuomba jina lako lipitishwe juu ya aliyekuzidi sifa, na hilo usiliombe hata kama mjomba wako ndiye mkurugenzi.

8. Zijue haki zako kabla ya kusaini.

Furaha ya barua ya kwanza isikupofushe. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anapaswa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Na likizo ya mwaka ni siku zisizopungua 28. Ukiwa sekta binafsi, uliza kama unaandikishwa NSSF: mchango ni asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa kila mwezi. Piga hesabu ya kitakachobaki mkononi kabla hujakubali kuhamia mji mwingine. Kumbuka pia kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mwenye chini ya miezi sita kazini. Miezi hiyo fanya kazi kwa nidhamu isiyo na doa.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usinunue kazi.

Anayekupigia simu akisema jina lako limepita, bado "hela ya faili", "hela ya vipimo" au "hela ya sare" itumwe kwenye namba ya simu, ni tapeli. Kuomba kazi serikalini hakulipiwi. Kama ni kampuni usiyoijua, angalia BRELA kama imesajiliwa, tafuta ofisi yake, piga simu ya mezani. Na kama anayedai fedha ni mtumishi wa kweli, hiyo ni rushwa. Usimkopee mama yako kwenye kikoba ili umpe mhalifu.

2. Usighushi cheti, na usiazime cheti cha ndugu.

Aprili 2017, baada ya uhakiki wa vyeti, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, wana watoto shuleni na mikopo benki. Waliondolewa. Uongo wa kwenye wasifu nao ni wa ukoo huo huo: ukiandika kwamba unamudu programu ya uhasibu ambayo hujawahi kuifungua, siku ya usaili wa vitendo utaketishwa mbele yake.

3. Usiuze utu wako.

Wasichana hasa ndio wanaokumbana na hili, na tusilifunike. Anayekuambia usaili uliobaki utafanyika hotelini jioni hakupi kazi. Kudai ngono kama sharti la ajira ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe wake, mwambie mtu unayemwamini, na uwapigie TAKUKURU namba 113, bure. Aibu si yako, ni yake.

4. Usipande ndege kwa ahadi ya kwenye WhatsApp.

Mwaka 2022 Kenya ililazimika kuwarejesha nyumbani vijana wake walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakavushwa mpaka Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mawakala binafsi wa ajira wanapaswa kuwa na leseni. Kabla hujampa mtu pasipoti yako, nenda TaESA uulize kama anajulikana. Na mkataba ambao hujauona kwa macho yako usiuhesabu kuwa mkataba.

5. Usitume barua moja kwa waajiri wote.

Barua ya maombi kwa benki ambayo ndani yake limebaki jina la hospitali hutupwa, na ni haki itupwe. Maombi matano yaliyoandikwa kwa uangalifu ni bora kuliko hamsini ya kunakili.

6. Usichafue jina lako mtandaoni.

Matusi uliyomwandikia mtu hadharani, picha za ulevi, na barua pepe yenye jina la utani la shuleni, vyote ni sehemu ya maombi yako. Fungua barua pepe yenye majina yako mawili. Pokea simu usiyoijua kwa adabu. Huenda ni ofisi inakutafuta.

7. Usikae bure kwa jina la kusubiri.

Kufundisha masomo ya ziada, kusimamia duka la shangazi kwa daftari la hesabu linaloeleweka, kulima kwa msimu: hakuna hata moja kati ya hizo inayoishusha shahada yako. Mwajiri atakuuliza ulifanya nini tangu uhitimu. "Nilikuwa nasubiri" ni jibu baya kuliko yote.

8. Usikate tamaa kwa kukosa mara moja.

Sekretarieti huwaweka kwenye kanzidata waliofaulu usaili lakini nafasi hazikutosha, na wapo wanaopangiwa vituo kutoka humo. Jina lako lisipokuwamo kwenye tangazo la walioitwa, rudi kwenye maombi yako utafute kasoro, uirekebishe, uombe tena.

Nanyi wazazi na walezi, msimpime mtoto kwa mtoto wa jirani aliyepata mapema. Hesabu za TRA mmeziona. Mpeni nauli ya usaili mkiweza, msimpe fedha za kununulia kazi hata mkiweza.

Wewe mhitimu, kukosa kazi mwaka wa kwanza si fedheha. Fedheha ni kuikosa kwa barua ambayo hukuisaini, au kuipata kwa cheti kisicho chako. Nyaraka, ukweli na utu wako ni vitu unavyovitawala wewe. Hakuna udhuru wa kuvipoteza, na kazi ya kuvipanga uianze leo, kabla tangazo linalofuata halijatoka.