Dondoo muhimu: Bunduki ya mitutu juu na chini

Mwindaji wa kanga na kwale anayetaka bunduki ya marisau ya kudumu asivutwe na nakshi za ubavuni. Uimara uko kwenye bawaba na kufuli.

Hakikisha kwanza vyumba vyote viwili vya risasi ni vitupu. Toa kipande cha mbao kilicho chini ya mitutu, funga bunduki, shika kitako, tikisa taratibu. Mitutu ikicheza, bawaba imelika. Angalia pia mkono wa kufungulia ulio juu: bunduki ikiwa mpya, mkono huo kwa kawaida hukaa umeelekea kulia kidogo. Ukishavuka katikati kwenda kushoto, kufuli limechakaa.

Sasa itenganishe mitutu, ining'inize, igonge kwa kucha. Ikilia kama kengele, maungio yake ni mazima. Ikikoroma, ulehemu umeachia. Chungulia ndani kuelekea kwenye mwanga utafute kutu na mibonyeo.

Beretta za familia ya 680 zinapendwa kwa sababu pini za bawaba hubadilishwa zikilika. Browning Superposed, iliyoingia sokoni 1931, ina pini nene inayopita upana wote, na nyingi za zamani bado zinafanya kazi. Kwangu mimi, bunduki kuukuu iliyotunzwa inaishinda mpya ya bei ya chee.

Pakaa grisi kidogo kwenye bawaba kila unapoisafisha. Na kabla hujalipa, mpe fundi bunduki aikague.